Bomba Kavu la Daktari Muthama

Siku ambayo Muthama aligeuka kuwa daktari wa majani, aliamka akiwa muuza saa. Saa zenyewe zilikuwa tano, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: ukizitikisa zinatembea, ukiziacha zinalala. Asubuhi ile, hapo mjini Kitui, alikuwa amemuuzia moja mwenye bucha. Kufika saa nne, mwenye bucha alikuwa barabarani na kisu chake cha kazi, akiuliza kila mpita njia kama ameona kijana mrefu, suti ya kahawia, meno mazuri.

Kijana mrefu mwenye meno mazuri akaingia duka la kwanza aliloliona wazi.

Mtu mwenye meno mazuri na hana kazi, mwangalie mara mbili. Haya ni maneno ya bure, lakini wangapi wamelipa ng'ombe ili kuyajua?

Duka lilikuwa la Othman, mzee ambaye babu yake alitoka Lamu kuja kununua asali ya Wakamba na akasahau kurudi. Aliuza kanga, kofia na ubani. Muthama alipojificha nyuma ya kanga, alimwona mama mmoja wa harusi akinunua kichupa. Kichupa kilikuwa kama kidole cha mtoto. Bei aliyotoa yule mama ilikuwa bei ya mbuzi, tena mbuzi aliyenona.

Muthama akasahau kisu.

"Mzee, hiyo ni dawa ya nini?"

"Si dawa, bwana. Ni mafuta ya kunukia."

"Ya ng'ombe?"

Othman alimtazama kama mtu anayetazama viatu vilivyoingia msikitini. "Ya majani, bwana wee. Majani, maua, mbegu. Unachemsha, mvuke unapanda, unaingia kwenye bomba, kisha..."

"Majani haya haya ya porini?"

"Yoyote yenye harufu. Lakini bomba lenyewe sharti..."

"Nimeelewa, mzee. Nimeelewa!"

Hakuwa ameelewa. Muthama alikuwa na ugonjwa kama wa saa zake: masikio yake yalitembea kidogo, kisha yakalala. Alisikia majani, akasikia mbuzi, akaona yanatosha. Maneno ya mwisho ya Othman yalibaki pale kwenye meza ya duka, na hayo ndiyo yaliyokuwa na kazi.

"Nipe kichupa kimoja," alisema. "Nikupe saa hii. Ni ya Uswisi."

Othman aliichukua saa, akaiweka sikioni, akaitikisa, akaiweka sikioni tena. Akatabasamu. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda wa kutosha, akarudi na kichupa cha mafuta ya waridi. Muthama akanusa kizibo, akaona ameshinda. Akatokea mlango wa nyuma.

Wiki mbili baadaye alishuka Mutomo. Alikuwa na pipa lililowahi kubeba lami, bomba la shaba urefu wa watu wawili, na jina jipya: Daktari Muthama, wa Kampuni ya Hamburg. Mutomo aliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni mbali na bucha. Ya pili, ni nchi kavu, na mtu anayetembea saa mbili kutafuta maji huwa amechoka kabla hujaanza kumdanganya.

Mwendo wa saa moja kutoka sokoni palikuwa na kanisa dogo, na ndani ya stoo ya kanisa hilo Muthama aliona kitu kilichomfanya apige magoti kama mtu anayeomba. Bati. Bati mpya thelathini na mbili, zimepangwa, zinang'aa.

Bati hizo zilikuwa za mwethya. Mwethya ni akina mama kusaidiana kwa zamu: leo wanalima kwako, kesho wanalima kwangu, na wa tatu akijifungua wanamletea kuni. Akina mama hawa walisuka vyondo miaka miwili, wakauza, wakanunua bati moja moja, ili kila mwaka nyumba moja ivuliwe nyasi na kuvikwa chuma. Zamu ya mwaka huo ilikuwa ya Syombua, mjane mwenye watoto wanne na paa lenye macho mengi kuliko watoto. Mvua ya huko haiji mara nyingi, lakini ikija huja kama inadai. Msimu uliopita Syombua na watoto wake walilala chini ya meza, na meza yenyewe ilikuwa na miguu mitatu. Na sasa Novemba ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

Kikundi kilikuwa na mwenyekiti, Mbinya, mama mnene wa maneno machache. Kilikuwa pia na katibu mwanamume, maana kila kikundi cha akina mama lazima kipate mwanamume mmoja wa kukaa kwenye kiti. Huyu alikuwa Mwalimu Mutunga, hedimasta mstaafu na mzee wa kanisa, aliyekuwa akijua Kiingereza na kutaka watu wasisahau.

Muthama alimpata kwanza Mutunga. Mwizi anayejua kazi haanzi na aliye mjinga, anaanza na anayejiona hawezi kudanganywa.

"Mwalimu," alisema, akiwa ameshakunywa chai yake, "kampuni inatafuta wakala wa Kitui Kusini yote. Lakini nilikuwa nimefikiria mtu aliyesoma."

Mutunga akakohoa. "Mimi nilifundisha darasa la saba miaka kumi na moja."

"Ndiyo ninasema! Na wakala lazima awe na koti. Wajerumani wakija na kamera..."

"Koti nitapata."

Alhamisi, siku ya mwethya, akina mama waliitwa uwanja wa kanisa kuona mashine. Pipa lilikuwa juu ya mawe matatu, moto chini. Bomba la shaba lilitoka kwenye mfuniko, likajikunja mara tatu hewani kama nyoka wa maonyesho, likaishia kwenye chupa. Muthama alilikunja hivyo kwa ajili ya urembo.

"Akina mama, ni mmea gani umejaa hapa hata mbuzi hawautaki?"

"Mutaa!" walijibu. Mutaa ni kile kichaka chenye harufu kali ambacho kila Mkamba amekikuta kwenye ghala la nyanya yake, kimewekwa juu ya mbaazi ili wadudu wasiingie.

"Mutaa! Mnaweka kwa mbaazi! Mwaitu, mama zangu, mmelalia mali mkaifanya godoro!" Akajaza pipa mutaa, akamwaga juu kikombe kimoja cha maji, akakigeuza kikombe chini ili wote waone kimekwisha. "Mashine zingine zinakunywa maji kama ngamia. Hii ya Hamburg haitumii maji. Kikombe kimoja tu. Hakuna kwenda mtoni, hakuna mtungi mgongoni. Kavu!"

Hapo ndipo aliwanasa. Angesema inatoa dhahabu wangecheka. Aliposema haitumii maji, mama mmoja alilia machozi.

Moto uliwaka. Moshi ulitoka kando ya mfuniko, na harufu ya majani yanayoungua. Kutoka kwenye bomba halikutoka hata jasho. Lakini Daktari aliinama kuisikiliza mashine, mkono mmoja ukaingia kwenye koti na kutoka, na alipoinuka, chupa ilikuwa na mafuta.

Wakapokezana, wakanusa. Syombua alinusa mara mbili.

"Daktari, mbona mutaa inanuka kama bibi harusi wa Waislamu?"

"Mama, wewe umeokoka?"

"Nimeokoka."

"Kabla hujaokoka ulikuwa unanuka hivi ulivyo sasa?" Akina mama wakacheka. "Basi mutaa ni hivyo. Ikipita motoni dhambi inabaki kwa pipa, roho inatoka kwa bomba."

"Amina!" alisema Mutunga.

Wote waliitikia isipokuwa Mbinya. Mbinya alikuwa anaangalia mfuniko. Moshi ulikuwa unatoka pembeni, na mikono yake ilikuwa inamwasha. Hakuna udongo. Mtu anawekaje mfuniko bila kuuziba kwa udongo? Na hilo bomba linaning'inia hewani kwa jua hili la Mutomo, mvuke utapoa na nini? Mkono wake wa kulia ulishaanza kuinama kuchota udongo, akaushika na wa kushoto.

Kanisani kila aliyeokoka ana ushuhuda wake. Wengine wana ushuhuda mrefu mpaka watoto wanalala. Wa Mbinya ulikuwa mfupi sana: "Nilikuwa gizani, sasa niko nuruni." Hakuna aliyewahi kuuliza giza lenyewe lilikuwa la namna gani. Lilikuwa la pipa na bomba. Kule Tseikuru, kabla hajaja huku kusini, Mbinya alikuwa amepika chang'aa, pombe kali ya magendo, miaka tisa, tena ile iliyokuwa ikifuatwa na watu kutoka Mwingi kwa baiskeli. Akifungua mdomo kusema bomba ni bovu, watamuuliza: mwenyekiti, wewe umejuaje?

Akairudisha mikono ndani ya leso. Mutunga akatia sahihi karatasi ya Kiingereza: kikundi kimepokea mashine, Jumatatu bati thelathini na mbili ziende.

"Kwa nini bati?" Mbinya aliuliza hilo tu.

"Kampuni yetu ni ya Kikristo, Mama. Haishiki pesa ya wajane."

Kesho yake asubuhi Mbinya alimkuta Syombua mtoni, amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga, akichota maji kwa kibuyu kidogo, polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Syombua, wewe umekubali bati zako ziende?"

"Nitakataaje, mwenyekiti? Mwalimu amesema mafuta yakianza nitaezeka kwa vigae kama nyumba ya askofu."

"Na mvua?"

"Mwalimu amesema mashine itashinda mvua." Akachota tena. "Mimi sijasoma. Lakini nilinusa ile kitu, Mbinya. Ile si mutaa. Nikasema nikikataa, watasema mjane ana roho ndogo. Wewe ungesema kitu, ningekufuata. Hukusema."

Mbinya alibeba mtungi wake. Maji ya mtungi yalimwagika shingoni njia yote, na yeye si mtu wa kumwaga maji.

Jumamosi, Mwalimu Mutunga aliondoka alfajiri kwenda Kitui kununua koti la uwakala. Muthama alibaki kwa Mwalimu, amekaa kivulini kwenye kiti cha Mwalimu, akila papai la Mwalimu. Mbinya akaja na punda wake amebeba mitungi minne ya maji, na mgongoni mwa punda kipande cha mzinga wa nyuki wa zamani, gogo lililopasuka katikati likawa kama hori.

"Daktari, mashine yako ni mbovu."

Muthama alitema mbegu ya papai. "Mama, wewe ulisoma wapi uinjinia?"

"Sikusoma. Nipe mpaka jua lifike hapo juu. Ukiona nimekosea, ucheke."

Muthama alikubali kwa sababu alipenda kucheka. Akakaa. Mbinya akachanganya udongo na majivu, akaukanda kama unga wa chapati. Akaweka maji ndani ya pipa, sio kikombe, mtungi mzima. Akaweka mawe, juu ya mawe vijiti, juu ya vijiti mutaa, ili majani yapigwe na mvuke, yasiogelee. Akafunga mfuniko, akauziba udongo pande zote, akaupapasa kwa vidole vitatu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Halafu akalichukua lile bomba la urembo, akalilaza ndani ya hori, akamwaga juu yake maji baridi ya mtoni, mitungi miwili. Maji ya siku mbili.

"Unaosha bomba?" aliuliza Daktari.

"Naliosha."

Moto ukawaka. Kwa saa moja hakuna kitu, na Muthama alikuwa ameanza kutafuta namna nzuri ya kucheka. Ndipo bomba likalia: toni. Kisha toni, toni. Maji yalianguka chupani, na juu ya maji ikaanza kuogelea ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu. Mbinya akaichukua kwa unyoya wa kuku, kidogo kidogo, akaifinya ndani ya kichupa. Jua lilipofika juu, kichupa kilikuwa kimefika nusu. Akampelekea puani.

Muthama alinusa, na machozi yakamtoka. Ilikuwa mutaa yenyewe, mutaa ya ghala zote za nyanya zote za Ukambani, ndani ya kidole kimoja.

Tapeli akikutana na kitu cha kweli huwa kama mtu aliyesema uongo kwamba kuna simba, kisha simba akakohoa. Muthama alikaa chini. Kichwa chake kilianza kupiga hesabu za mbuzi. Bati ni mara moja, utauza zitakwisha. Lakini mashine hii kila siku ni mbuzi, asubuhi mbuzi, jioni mbuzi. Na huyu mama mjinga hajui ameshika nini!

"Mama," alisema kwa sauti ya maziwa, "nimeona kikundi chenu hakitaweza mashine hii. Maji ni mbali."

"Hata mimi nimeona hivyo."

"Nitaichukua nirudi nayo. Nitawaachia bati zenu. Mimi ni Mkristo."

"Mwalimu alitia sahihi kwamba mashine ni yetu," alisema Mbinya, amekunja mikono. "Andika wewe kwamba ni yako."

Muthama akaandika haraka, kwa kalamu ya Mwalimu, kwenye karatasi ya Mwalimu: *Mashine hii, pipa na bomba lake, ni yangu mimi Muthama tangu leo. Bati sizitaki.* Akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Na uende sasa," alisema Mbinya. "Mwalimu akirudi akute hayo mafuta, atataka nusu."

Haya yalikuwa maneno ya kweli, na Muthama aliyaheshimu. Kwa haraka akaazima punda wa Mwalimu bila kumsumbua Mwalimu kwa habari hizo. Akafunga pipa upande mmoja, bomba upande mwingine, udongo bado mbichi kwenye mfuniko, akafunika yote kwa blanketi.

"Daktari, kuna jambo moja la mwisho," Mbinya alimwita. "Mashine ya namna hii, kabla hujaipitisha barabarani, ni lazima..."

"Nimeelewa, Mama! Nimeelewa!" Na punda akaenda.

Kuna watu wanasema Mbinya angeweza kumalizia sentensi yake kwa sauti kubwa zaidi. Wengine wanasema aliianza polepole makusudi. Yeye mwenyewe akiulizwa husema kifua kilimbana siku hiyo.

Maneno yaliyobaki mdomoni mwake yalikuwa haya: ni lazima upate barua ya chifu. Kwa maana kila mtu wa pale alijua, hata kuku walijua, kwamba Jumamosi mchana naibu chifu Nzomo husimama njia panda na askari wawili, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku chang'aa hutembea.

Muthama alipokata kona na kuona kofia ya Nzomo, mkono wake ulifanya kazi kabla ya kichwa. Mkono wa mwizi umezoea: ukiona askari, tupa. Kile kichupa kikaruka juu ya miiba, kikaanguka kwenye mawe, kikapasuka. Ndipo Muthama akakumbuka kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na kitu cha kutupa.

Nzomo alifunua blanketi. Akatazama pipa, bomba, na udongo. Akapiga mluzi.

"Kijana, umeamua kuniletea mpaka ofisini?"

"Afande, hii si unavyofikiria. Hii ni mashine ya mafuta ya majani!"

"Ya majani."

"Ya mutaa! Nusa!"

Nzomo akanusa bomba. "Ni kweli, mutaa. Wote siku hizi wanachemsha na mutaa kuficha harufu. Wa juzi alikuwa ameweka hata kitunguu."

"Naapa! Haki ya Mungu! Mafuta! Yanauzwa bei ya mbuzi, kidole kimoja!"

"Yako wapi?"

Muthama akageuka kuangalia miiba. Askari mmoja akacheka mpaka bunduki ikateleza.

Hivi ndivyo ilivyo, wanangu. Ukitumia uongo miaka yote, siku utakayohitaji ukweli utaukuta hauna jino hata moja.

Ukweli ulipokataa kazi, Muthama akarudia chombo chake cha zamani. Akatoa karatasi ya Kiingereza ya Alhamisi. "Basi afande, mashine hata si yangu! Ni ya akina mama wa kanisa lile. Soma. Mwalimu Mutunga ametia sahihi. Mimi ni mbebaji tu. Kamata mwenyekiti wao, Mbinya!"

Nzomo akasoma mara mbili. Hakupiga mluzi tena. Punda akageuzwa.

Akina mama walikuwa kanisani wakifanya mazoezi ya kwaya. Mutunga alikuwa ameshafika, amevaa koti jipya kwa jua lile, amesimama mahali ambapo wote wangeliona. Alipoona pipa, punda wake na askari, alivua koti.

"Akina mama," alisema Nzomo, "karatasi hii inasema mtambo huu ni wenu. Mkiniambia ni kweli, nitawachukua wote, nikianzia na mwenyekiti. Na bati hizo zitakuwa ushahidi."

Syombua akashika ukuta.

Mbinya alitoka kwenye mstari wa kwaya, akafungua fundo la leso yake, akampa Nzomo karatasi nyingine. Nzomo akaisoma kwa sauti. Alipofika *Bati sizitaki*, mama mmoja alipiga kigelegele kisha akajiziba mdomo.

"Hii sahihi ya mikia ni yako?" Nzomo aliuliza.

Muthama aliangalia mikia yake mitatu. Hakuna aliyewahi kumwibia kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Nzomo alikuwa ameinama kwenye mfuniko, anapapasa udongo. "Huu udongo ameuweka fundi. Miaka sijaona mkono kama huu. Wewe kijana, lete kucha." Kucha za Daktari zilikuwa safi kama za bwana harusi. Nzomo akainua macho, na macho yake yakatembea juu ya kwaya yote, kucha kwa kucha, mpaka yakafika kwa mwenyekiti, na kusimama.

Mbinya angeweza kusema alikuwa anakandika nyumba. Nyumba zote za pale hukandikwa. Alifungua mdomo kusema hivyo, kisha akamwona Syombua anamwangalia, vile alivyomwangalia kutoka ndani ya shimo la mchanga.

"Ni mimi," alisema. "Ushuhuda wangu mmeusikia nusu. Lile giza nililokuwa ninasema, lilikuwa chang'aa. Miaka tisa, Tseikuru. Nilipoona bomba la huyu liko hewani Alhamisi nilijua ni mwongo, nikanyamaza kwa sababu ya aibu yangu. Karibu nimuuze Syombua kwa aibu yangu. Leo nimeziba udongo na kupitisha bomba majini, na tumepika mafuta. Mafuta kweli. Si pombe."

"Mnasikia!" Muthama alilia. "Mafuta! Amesema!"

Nzomo alikuna kidevu. "Mama, wewe mimi nakuamini. Mtu hajitoi nguo hivi mbele ya kwaya kwa uongo. Lakini huko kortini hawataki imani, wanataka chupa. Daktari, chupa iko?"

Chupa haikuwepo.

"Na huyu mama tufanye nini naye?" alisema Mwalimu Mutunga, amepata sauti tena sasa koti likiwa chini ya kwapa. "Mpika chang'aa, mwenyekiti wa akina mama! Ni aibu kwa kanisa!"

"Mwalimu," alisema Syombua, "na aliyeandika bati zangu ziende ni nani?"

Mutunga akamtazama punda.

"Mimi ninasema hivi," Syombua aliendelea, na kwaya yote ikageuka kumsikia. "Sisi tulikuwa na fundi, tukaenda kutafuta Hamburg."

Muthama alipata miezi sita. Kazi aliyopangiwa gerezani, bila mtu yeyote kukusudia, ilikuwa kubeba maji. Mitungi minane asubuhi, minane jioni, kila siku, mtu aliyeuza mashine isiyotumia maji. Mvua ya Novemba ilimkuta huko. Ilimkuta Syombua ndani ya nyumba ya bati, na kelele zilikuwa nyingi sana juu ya paa jipya hata watoto walishindwa kulala, wakabaki macho wakisikiliza, wakicheka.

Alipotoka, Muthama alipita mjini Kitui karibu na kuta, amekonda, suti imekuwa ya mtu mwingine. Jua lilikuwa kali, na mlango wa Othman ulikuwa wazi. Akaingia. Kwenye rafu, katikati ya waridi na udi, kulikuwa na vichupa sita vipya. Alijua harufu kabla ya kusoma karatasi: *Mafuta ya Mutaa. Akina Mama wa Mwethya, Mutomo.*

"Hivi vimetoka wapi?"

"Huletwa kila mwezi," alisema Othman. "Mama mnene, maneno machache. Wana pipa lao wenyewe na barua ya chifu mkononi, kila kitu halali. Watu wa mafua wanavigombania. Bei ni ya mbuzi." Akamtazama vizuri. "Aa! Wewe ni bwana wa saa."

"Na mafuta yako ya waridi," alisema Muthama kwa uchungu, "yakifunguliwa yalinuka siku moja tu."

"Yalikuwa mafuta ya kupikia. Waridi lilikuwa kwenye kizibo." Othman hakuona haya hata kidogo. "Keti, bwana. Kuna maneno yako hapa, uliyaacha siku ile. Bomba lenyewe sharti lipite kwenye maji baridi."

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa bado. Liko neno jingine."

Siku zingine zote Muthama angekuwa ameshatoka. Lakini gereza lilikuwa limemfundisha kitu kimoja, nacho ni kungoja mtu amalize kusema. Akavuta kigoda, akakaa, akatega masikio yote mawili.

"Sema lote, mzee."

Othman hakuwa na haraka. Alikunja kanga, akaiweka, akakunja nyingine. Alipomaliza, alielekeza kidevu chake mlangoni.

"Jingine ni kwamba una mgeni."

Mlangoni alisimama mtu mpana mwenye aproni ya damu. Mkono mmoja ulikuwa na kisu. Mwingine, wenye saa, alikuwa anautikisa polepole, sikioni, kisha akautikisa tena.

"Kijana," alisema mwenye bucha, "ni saa ngapi?"